Ibn Battuta nchini Mali: msafiri aliyelipia chakula kwa chumvi na shanga

Msikilizaji, kama ulisoma historia shuleni, huenda jina la Ibn Battuta unalikumbuka kwa sababu ya Mombasa na Kilwa. Alifika pwani yetu karibu mwaka 1331, akaacha maelezo ya misikiti ya mbao ya Mombasa na ya sultani mkarimu wa Kilwa. Safari yake kubwa ya mwisho, hata hivyo, ilikuwa upande wa pili wa bara letu, katika dola ya Mali, Afrika Magharibi. Leo tunamfuata huko.

Kijana wa Tangier

Ibn Battuta alizaliwa mwaka 1304 mjini Tangier, Morocco, katika ukoo wa wanasheria wa Kiislamu. Mwaka 1325, akiwa na miaka 21, aliwaaga wazazi wake akaenda kuhiji Makka. Hakurudi upesi. Alipita Misri, Syria, Uajemi na Afrika Mashariki, akawa kadhi mjini Delhi nchini India na tena visiwani Maldives, kisha akafika China.

Alirudi Morocco mwaka 1349, wakati tauni ilikuwa inaua watu katika nchi nyingi. Baba yake alikuwa amefariki miaka mingi nyuma. Akiwa njiani kuelekea nyumbani aliambiwa kwamba mama yake naye amekufa kwa tauni. Baada ya kuzuru kaburi la mama yake, hakukaa sana. Alikwenda Hispania, na mwaka 1351 akaanza safari ya Mali.

Kuvuka jangwa

Mapema mwaka 1352 aliondoka mji wa Sijilmasa, kusini mwa Morocco, pamoja na msafara wa ngamia. Baada ya siku 25 walifika Taghaza, kijiji cha machimbo ya chumvi. Hapakuwa na mti hata mmoja. Nyumba na msikiti vilijengwa kwa matofali ya chumvi na kuezekwa kwa ngozi za ngamia. Waliochimba chumvi walikuwa watumwa, na chakula chao kilitoka mbali: tende kutoka kaskazini, nafaka kutoka kusini.

Mbele yao kulikuwa na sehemu kavu kuliko zote. Misafara ilikuwa na desturi ya kumkodi mtu wa kabila la Massufa atangulie peke yake hadi mji wa Walata, akiwa na barua. Wenyeji wakizipata barua hizo, walitoka na maji kuwapokea wageni umbali wa siku nne. Mjumbe huyo akipotea au kufa njiani, watu wa Walata hawakuwa na habari, na msafara mzima uliweza kuangamia. Kwa hiyo maisha ya matajiri wote wa msafara yalitegemea mtu mmoja aliyelijua jangwa.

Njia ya mibuyu

Kutoka Walata hadi mji mkuu wa Mali ilikuwa safari ya siku 24 kwa mtu anayekwenda haraka. Hapo Ibn Battuta aliachana na msafara. Alikodi kiongozi wa njia, akaondoka na wenzake watatu tu, kwa kuwa aliambiwa njia ni salama.

Alikuta mibuyu mikubwa ambayo kivuli cha mmoja kiliweza kutosha msafara mzima. Mingine ilikuwa na uwazi ndani, maji ya mvua yakajaa humo, na watu wakayanywa. Katika mbuyu mmoja alimkuta mfumaji ameweka mtambo wake ndani ya shina, anafuma nguo.

Msafiri hakuhitaji kubeba chakula wala dhahabu. Alibeba vipande vya chumvi, shanga na viungo vya kunukia. Akifika kijijini, wanawake walileta uwele, maziwa, kuku, mchele na unga wa kunde, naye akachagua anachotaka na kulipa kwa vitu hivyo. Ndivyo alivyokula mgeni: kwa kazi ya mikono ya wakulima na wafugaji wa vijijini.

Mjini kwa Mansa

Alifika mji mkuu mwishoni mwa Julai 1352. Mtawala alikuwa Mansa Sulayman, ndugu wa Mansa Musa, yule mfalme maarufu kwa dhahabu aliyoipeleka Makka.

Siku kumi baadaye alikula chakula kizito kilichosongwa kutokana na kiazi kama kiazi kikuu. Wote sita waliokula waliugua, na mmoja wao akafa. Yeye alizimia katika sala ya alfajiri. Alipewa dawa ya mizizi, akatapika, lakini aliendelea kuumwa kwa miezi miwili.

Alipopona, aliambiwa zawadi ya mfalme imefika. Alitarajia mavazi na fedha. Akaletewa mikate mitatu, nyama ya ng'ombe iliyokaangwa na kibuyu cha maziwa mgando. Alicheka kwa dharau. Baadaye alilalamika mbele ya Mansa, akapewa nyumba, posho na dhahabu. Hata hivyo, hakuacha kumwita Mansa bahili. Alizoea fadhila za masultani wa India, na alikuwa mwepesi wa kuhukumu desturi za wengine.

Lakini mengine yalimlazimu kusifu. Watu walijaa msikitini siku ya Ijumaa kiasi kwamba aliyechelewa hakupata nafasi. Mgeni akifa, mali yake haikuguswa. Iliwekwa kwa mtu mwaminifu hadi mrithi afike. Aliona pia mfanyabiashara akisimama kumlalamikia ofisa wa Walata, aliyechukua bidhaa zenye thamani ya dhahabu mithkali 600 na kutaka kulipa 100 tu. Mansa alimwita ofisa huyo, kadhi akaamua, mfanyabiashara akalipwa haki yake na ofisa akafukuzwa kazi.

Wasiopata usalama

Mwaka 1353 aliondoka, akapita Timbuktu na kuteremka Mto Niger kwa mtumbwi hadi Gao, akilala vijijini na kununua chakula kwa chumvi na shanga kama awali. Kisha akafika Takedda, mji wa machimbo ya shaba. Huko alipata amri ya sultani wa Morocco kwamba arudi.

Alirudi na msafara mkubwa. Kwa hesabu yake, ulikuwa na wanawake watumwa wapatao 600 wakipelekwa kaskazini. Hakuandika jina la hata mmoja, wala hakulalamika kwa ajili yao. Yeye mwenyewe alinunua na kumiliki watumwa katika safari zake. Hapa, msikilizaji, ndipo sifa yake kwa Mali inapohitaji kusomwa kwa makini. Jangwa lile lile lililokuwa na utaratibu wa kumwokoa mgeni huru kwa maji, lilikuwa barabara ya kuwaondoa wengine makwao daima.

Kitabu chake

Huko Fez, Ibn Battuta alimsimulia habari zake mwandishi Ibn Juzayy, na kitabu kikakamilika Desemba 1355. Alimalizia maisha yake akiwa kadhi nchini kwao, akafariki mwishoni mwa miaka ya 1360.

Leo wanahistoria wanakitegemea kitabu hicho kwa sababu kilitoka kwa mtu aliyeiona Mali kwa macho yake katika enzi zake. Tangu vita vya mwaka 2012, njia za Timbuktu na Gao zimekuwa za hatari, na wengi wa wanaoumia ni wakulima, wafugaji na wavuvi wa vijiji vya kando ya Mto Niger. Karibu miaka 700 iliyopita, watu wa vijiji kama hivyo ndio waliomlisha mgeni huyu kutoka Tangier hadi akafika salama.