Hasse, Mtunzi wa Wimbo wa Kuongoka kwa Augustino

Bach anajulikana na Wakristo wengi. Johann Adolf Hasse anajulikana na wachache, ingawa siku za uhai wao sifa za Hasse zilifika mbali kuliko za Bach.

Alizaliwa mwaka wa 1699 Bergedorf, karibu na Hamburg, katika nchi ya Kilutheri, na baba yake alikuwa mpiga kinanda wa kanisa. Mwaka wa 1722 akashika njia kwenda Italia. Huko Naples alifundishwa na Alessandro Scarlatti, na katika nchi hiyo akaliacha kanisa la baba zake, akaingia Kanisa la Roma. Mwaka wa 1730 akamwoa Faustina Bordoni, mwimbaji mashuhuri wa Venice.

Kisha wakaitwa Dresden, mji mkuu wa Saksonia. Mambo ya nchi ile yalikuwa ya ajabu: raia walikuwa Walutheri, hali mtawala wao Augusto alikuwa ameingia Kirumi mwaka wa 1697 ili apate taji la Poland. Hasse akawekwa kuwa mkuu wa waimbaji wa mfalme.

Jumamosi Kuu ya mwaka wa 1750 uliimbwa katika kanisa la mfalme wimbo wake wa kuongoka kwa Mtakatifu Augustino. Wimbo wa namna hii huitwa oratorio, yaani habari takatifu iimbwayo na watu mbalimbali, pasipo kuigizwa. Maneno yalitungwa na Maria Antonia, mke wa mrithi wa ufalme, mwanamke wa miaka 25 tu. Ndani yake Monika amlilia mwanawe. Mzee Simplisiano amtuliza. Na Augustino ashindana na nafsi yake, ataka kumfuata Mungu, lakini mazoea ya kale yamshika nguo. Siku ile nayo ilifaa, kwa kuwa Augustino alibatizwa na Ambrosio huko Milan wakati wa Pasaka mwaka wa 387.

Labda mtu atauliza kama yafaa Mlutheri kumsikiliza mtu aliyetuacha. Mimi naona yafaa. Luther mwenyewe alikuwa mtawa wa chama cha Augustino, na habari ya neema alijifunza sana katika vitabu vyake.

Miezi minne baadaye Bach akafariki Leipzig.

Hasse aliishi miaka mingi zaidi, lakini si kwa raha. Mwaka wa 1760 mizinga ya Prussia iliupiga mji wa Dresden, na maandiko yake aliyoyaweka tayari kupigwa chapa yakateketea. Mwaka wa 1763 vita vikaisha, hazina ikawa tupu. Mtawala mpya, naye ni mume wa yule Maria Antonia, akamwachisha kazi baada ya miaka zaidi ya 30, bila posho ya uzee. Akaenda Vienna, halafu Venice, kwao Faustina. Mkewe akatangulia mwaka wa 1781. Yeye akamfuata mwezi wa Desemba 1783, akazikwa huko huko.