Kakungulu: mgeni aliyeujenga mji wa Mbale, kisha akasukumwa pembeni

MWAKA wangu wa kwanza wa kufundisha hapa Mbale niliwauliza wanafunzi ni nani aliyeanzisha mji wao. Mmoja alijibu kuwa ni Wazungu, mwingine akasema Wahindi, na wa tatu akataja serikali. Hakuna aliyemtaja Semei Kakungulu. Sikuwalaumu. Mimi mwenyewe nilisoma Kenya, baada ya wazazi wangu kukimbia vita vya Teso mwishoni mwa miaka ya 1980, na nilizijua habari za Nabongo Mumia wa Wanga kabla sijazijua za kwetu.

Kakungulu alizaliwa mnamo mwaka 1868 huko Kooki, kusini-magharibi mwa Buganda. Alifika Buganda akiwa kijana, akawa mwindaji wa tembo wa Kabaka Mwanga. Vita vya dini vilipozuka mwaka 1888 alipigana upande wa Waprotestanti, akajipatia sifa ya ujemadari. Hata hivyo, aliyekuwa na nguvu katika Buganda ni Apolo Kagwa, na mafahali wawili hawakai zizi moja. Kakungulu akageukia mashariki.

Mwezi Aprili 1899 alikuwa pamoja na askari wa Waingereza waliowakamata Mwanga na Kabalega wa Bunyoro katika nchi ya Lango. Wafalme hao wawili walipelekwa uhamishoni Ushelisheli. Kakungulu yeye aliendelea na safari yake, akijenga ngome na kuweka watu wake kila alipopita, hadi Budaka. Alijiona kuwa mfalme wa Bukedi, na aliamini Waingereza wangemtambua hivyo.

Hawakumtambua. Mwaka 1902 walimtoa Budaka na kumwachia maili za mraba 20 huko Mbale, chini ya Mlima Elgon.

Mtu mwingine angekata tamaa. Kakungulu alifyeka pori, akapanda migomba, akatengeneza barabara pana na kuwagawia wafuasi wake viwanja. Muda si mrefu Waswahili wa misafara iliyopitia Mumias wakahamia, kisha wakaja Wahindi na wafanyabiashara wengine. Budaka ikapoa, Mbale ikachangamka. Ninyi mnaovusha bidhaa Malaba na Busia mnalijua jambo hili: soko huwafuata watu.

Lakini mji ukishanoga, wenye nguvu huutamani. Serikali iliona biashara ipo Mbale, nayo ikahamishia ofisi zake huko. Mji ukawa na bwana mwingine, na aliyeuanzisha akabaki mtu wa kuomba ruhusa.

Mwaka 1906 alipelekwa Busoga kuwa rais wa baraza la machifu, wakati makao ya serikali yakiwa Jinja. Alifika katika nchi iliyojaa misiba. Ugonjwa wa malale ulikuwa umeua watu wengi sana kando ya ziwa, na serikali ilikuwa ikiwahamisha waliosalia. Watu waliondolewa katika makaburi ya babu zao, huku Jinja ikikua kwa bandari na reli ya kwenda Namasagali, iliyomalizika mwaka 1912. Machifu wengi wa Kisoga hawakumpenda bwana huyu wa kuletwa, na mwaka 1913 cheo chake kikaondolewa.

Alirudi Mbale akiwa na uchungu, akiidai serikali ardhi aliyoamini kuwa aliahidiwa. Alijiunga na Wamalaki, dhehebu lililokataa dawa za hospitali. Kisha, baada ya kuisoma sana Torati, mwaka 1919 alitahiriwa yeye na wanawe, akashika dini ya Kiyahudi. Hiyo ndiyo asili ya Abayudaya, ambao mpaka leo wanasali katika kilima cha Nabugoye, ingawa Idi Amin aliipiga marufuku dini yao katika miaka ya 1970.

Mwaka 1923 Kabalega aliruhusiwa kurudi kwao. Alifika Jinja tu, akafariki katika kilima cha Mpumudde mwezi Aprili, bila kuiona tena Bunyoro. Kakungulu, mmoja wa waliomkamata, alikufa tarehe 24 Novemba 1928 na kuzikwa Gangama, karibu na mji ambao haukuwa wake tena.

Namwonea huruma, lakini huruma hiyo ina mipaka. Ardhi aliyoijenga ilikuwa na wenyewe. Wagisu waliona bunduki zake kabla ya kuziona barabara zake, na mikono iliyolima barabara hizo mara nyingi ilikuwa ya watu walioshurutishwa. Aliyesukumwa na Waingereza alikuwa amekwisha kuwasukuma wengine.

Nayafikiria hayo kwa sababu yamenigusa. Nilipokuwa Kenya niliitwa Mganda. Niliporudi nikaitwa Mkenya, kwa ajili ya Kiswahili changu. Kakungulu naye kwa Wagisu alikuwa Muganda, na huko Buganda alikuwa kijana wa Kooki. Kwa miaka kadhaa nilipanga chumba katika nyumba ya zamani nyuma ya soko, pamoja na fundi cherehani, muuza samaki na mjane mmoja aliyeishi pale tangu usichana wake. Nyumba iliuzwa, tukapewa mwezi mmoja kuondoka. Sasa limesimama ghorofa la maduka, na kodi ya kibanda kimoja inazidi mshahara wangu. Yule mjane alihamia Namatala.

Tarehe 1 Julai 2020 Mbale na Jinja zilipandishwa hadhi kuwa majiji. Nilifurahi kama wengine. Lakini jiji hupandisha bei ya kila futi ya ardhi, na maisha ya Kakungulu yanaonyesha kuwa jasho peke yake halimlindi mtu. Ndugu zangu mliorudi, mkinunua kiwanja ulizeni kwanza nani alikaa hapo na aliondokaje, kisha andikisheni karatasi zenu mapema.

Nami siku hizi wanafunzi wangu nawauliza maswali mawili: nani aliujenga mji huu, na nani alikuwapo kabla yake?