DK. LEADER STIRLING: DAKTARI WA VIJIJINI ALIYEPATA KUWA WAZIRI



Katika kusherehekea miaka kumi ya kuweka na kukopa, tumeona tukumbushane habari za mtu ambaye wengi wetu tulimsikia redioni tu, zamani alipokuwa Waziri wa Afya. Huyo ni Marehemu Dk. Leader Stirling.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1906, akasomea udaktari London. Mwaka 1935 alikuja Tanganyika na misheni ya UMCA, ileile tunayoijua sisi watu wa Tanga kwa kazi zake za Magila na Korogwe. Yeye lakini alipelekwa kusini, kijiji cha Lulindi huko Masasi. Hospitali yenyewe ilikuwa ya miti, udongo na nyasi. Wagonjwa walitoka mbali kwa miguu, na waliozidiwa walibebwa. Mama wa milima hii ya Usambara hahitaji kuelezwa maana ya kumbeba mzazi kwa machela.

Sasa, daktari mmoja ana mikono miwili tu. Angetibu usiku na mchana, wagonjwa wasingekwisha. Basi pamoja na kupasua na kutibu, akashika kazi ya kufundisha. Vijana wa hukohuko, wasichana kwa wavulana, walifunzwa uuguzi mpaka wakaweza kusimamia kazi wenyewe. Enzi hizo za mkoloni, muuguzi Mwafrika mwenye cheti alikuwa wa kutafuta kwa tochi.

Mwaka 1949, baada ya kuingia Ukatoliki, alihamia Mnero, Nachingwea. Kazi ikawa ileile: hospitali ya shamba na mafunzo. Miaka ya 1960 alifanya kazi Kibosho, Kilimanjaro.

Siasa nayo aliingia. Katika uchaguzi wa 1958 wa kura tatu, kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Dk. Stirling aliungwa mkono na TANU, akashinda, akakaa Bungeni hadi 1980. Alichukua uraia wetu, na Skauti nao wakamfanya kiongozi wao mkuu.

Mwaka 1975 Mwalimu Nyerere alimpa Wizara ya Afya, akiwa na umri wa miaka 69. Watu wengine umri huo wamekwisha kaa barazani! Alikuta serikali imekwisha amua kuelekeza nguvu vijijini, na mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikuwa imepita redioni na watu wakachimba vyoo. Yeye alisukuma gurudumu hilo mbele. Wakati wa Uhuru nchi ilikuwa na vituo vya afya 22 tu vya vijijini; kufikia 1980 vilizidi 200. Mambo hayakuwa mteremko lakini. Bei ya mafuta ilipanda, vita vya Kagera vikaja 1978, fedha za kigeni zikapungua. Ukijenga zahanati, bado unataka dawa na mtu wa kuitoa. Jengo halimzalishi mama. Mkunga ndiye anayemzalisha.

Aliacha uwaziri mwaka 1980, akafariki mwaka 2003 akiwa na miaka 97.

Akina mama, hapa ndipo maisha yake yanapotugusa. Aliondoka Lulindi, akaondoka Mnero, lakini ujuzi ulibaki kwa waliofundishwa. Je, sisi? Mweka hazina akiugua, au akiolewa mbali, nani mwingine anaweza kufungua daftari na kusoma nani anadaiwa nini? Kama ni mtu mmoja tu ajuaye, basi sanduku letu limo hatarini hata likiwa na kufuli tatu. Katika miaka kumi inayokuja, kila mwenye ujuzi wa hesabu amfundishe mwenzake, na mabinti zetu wakae karibu waone.

Mungu aiweke roho ya marehemu mahali pema. Amina.