Mutesa I: Kabaka aliyekosa ubatizo kwa sababu ya wake zake

MIAKA zaidi ya 140 imepita tangu Kabaka Mutesa I wa Buganda afariki dunia, lakini swali lililomnyima ubatizo bado linazungumzwa hapa Bujumbura, hasa katika mtaa wa Asiatique. Swali lenyewe ni hili: mtu aliyekwisha kuwa na wake wengi, Maandiko yanamruhusu nini na yanamkataza nini?

Mimi ni mwalimu. Nilizaliwa na kusomea Ulyankulu, mkoani Tabora, nikarejea Burundi mwaka 2008. Jioni nafundisha Kiswahili na hesabu za biashara katika chumba kilicho nyuma ya maghala ya Asiatique. Wanafunzi wangu ni wafanyabiashara wa Kigoma, Uvira na Kobero, na wengi wao ni wakimbizi waliorejea kama mimi. Mutesa wanamjua kwa jina tu. Nimeona nimsimulie upya, kwa kuwa maisha yake yanatugusa kuliko tunavyodhani.

Mutesa, ambaye awali aliitwa Mukabya, alirithi kiti cha baba yake, Kabaka Suuna II, mwaka 1856 akiwa bado kijana. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili kutoka pwani walikuwa tayari wamefika Buganda wakati wa baba yake. Kwao alijifunza Kiswahili na maandishi ya Kiarabu, akafunga Ramadhani kwa miaka kadhaa na kuamuru misikiti ijengwe. Hata hivyo hakukubali kutahiriwa, maana mila ilikataza damu ya Kabaka kumwagika. Mwaka 1876 aliamuru vijana wengi Waislamu wa ikulu wauawe, baada ya wao kukataa kula nyama iliyochinjwa kwa amri ya mfalme asiyetahiriwa. Kwa hiyo ndugu msomaji asidhani kwamba namsimulia mtakatifu.

Mwaka 1875 alifika Henry Morton Stanley, na mazungumzo ya ikulu yakageukia Biblia. Stanley alipoondoka alimwacha kijana mmoja, Dallington Muftaa, aliyesoma katika shule ya wamisionari Waanglikana huko Zanzibar. Dallington akawa msomaji na mwandishi wa barua wa Kabaka. Baadaye, mwaka 1878, Alexander Mackay alifika na sehemu za Biblia zilizotafsiriwa kwa Kiswahili na Askofu Edward Steere wa Zanzibar. Hivyo Injili iliingia katika ikulu ya Buganda kwa lugha hii hii tunayouzia vitenge na sukari.

Waanglikana walikuwa wametangulia kufika mwaka 1877. Mapadri Weupe, akiwemo Padri Siméon Lourdel, walifuata mwaka 1879. Pande hizo mbili zilibishana mbele ya mfalme karibu kwa kila jambo: Papa, Bikira Maria, sala. Lakini kwa jambo moja zilisema kwa kinywa kimoja. Kabaka akitaka ubatizo, abaki na mke mmoja, wengine awaache.

Mutesa alikuwa na wake zaidi ya 80. Hata Uislamu, unaoruhusu wanne, ungemwambia amevuka mpaka. Lakini tusikimbilie kusema kwamba ilikuwa tamaa peke yake. Katika Buganda, ukoo wa kifalme haukuwa na ukoo wake kama raia wengine. Mtoto wa Kabaka alihesabiwa katika ukoo wa mama yake. Kwa hiyo kila ukoo ulitaka kumpa Kabaka binti, ili siku moja mjukuu wao atawale. Kila mke alikuwa mkataba na watu wake. Kuwarudisha wake 80 kwao kungekuwa kuvunja mikataba 80 kwa siku moja.

Tena Biblia ile ile aliyosomewa ilikuwa na Yakobo mwenye Lea na Raheli, na Sulemani mwenye wake 700 na masuria 300. Mtu anayesikia habari hizo kwa mara ya kwanza lazima aulize kwa nini yeye akatazwe. Wamisionari walikuwa na jibu, na si jibu dhaifu. Kitabu cha Mwanzo kinaeleza mume na mke kuwa mwili mmoja. Kumbukumbu la Torati, sura ya 17, inamkataza mfalme kujiongezea wake. Kristo, katika Mathayo 19, anairudisha ndoa kwenye chanzo chake. Paulo naye anataka askofu awe mume wa mke mmoja.

Lakini ipo mistari mingine. Kutoka, sura ya 21, inaagiza kwamba mtu akichukua mke mwingine, asimpunguzie wa kwanza chakula, nguo wala haki yake ya unyumba. Kumbukumbu la Torati, sura ya 21, inamlinda mtoto wa kwanza wa mke asiyependwa ili asinyang'anywe urithi. Na Mathayo 19 ile ile, inayotetea ndoa ya wawili, inakaza juu ya kumwacha mke. Maandiko yanayomwelekeza mtu kwenye mke mmoja, ndiyo hayo hayo yanayomzuia kumtupa mtu.

Mutesa hakuchagua. Mwishoni mwa mwaka 1879, akiwa mgonjwa, aliita waganga wa jadi. Aliwasikiliza Waislamu, Waanglikana na Wakatoliki kwa zamu, huku vijana wake wa ikulu wakibatizwa. Alifariki Oktoba 1884 bila ubatizo, akazikwa Kasubi, ndani ya ikulu aliyojenga mwaka 1882. Mwanawe Mwanga, aliyewaua Wakristo wengi, ndiye aliyekuja kubatizwa, akiwa uhamishoni Shelisheli, mbali na kiti chake. Alifia huko mwaka 1903.

Na wale wake? Kwa desturi ya Buganda, wajane wa Kabaka ndio wanaolinda kaburi lake. Wanawake wa nafasi hiyo wamekaa Kasubi kizazi baada ya kizazi, hata baada ya moto wa mwaka 2010 kuliteketeza jengo. Katika mabishano yote yale ya ikulu, suala lilikuwa nafsi ya mfalme. Hao wanawake wangekwenda wapi na wangekula nini, halikuwa suala kubwa.

Makanisa yalichukua muda mrefu kulifikia. Mwaka 1888 maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth waliamua mwenye wake wengi asibatizwe. Miaka 100 baadaye, mwaka 1988, Lambeth hiyo hiyo, kwa msukumo mkubwa wa maaskofu wa Afrika akiwemo David Gitari wa Kenya, ilikubali abatizwe pamoja na wake zake na watoto, kwa ahadi ya kutooa tena wakiwa hai. Ilisema asilazimishwe kuwaacha, kwa sababu ya hasara itakayowapata. Kanisa Katoliki halijafika huko. Linadai abaki na mmoja. Lakini sheria yake ya mwaka 1983, kanuni ya 1148, inamwagiza askofu ahakikishe wanaoachwa wanatunzwa kwa haki.

Nasema haya kwa sababu sisi tuliorejea tuna Kasubi zetu. Makazi ya zamani yalipofunguliwa milango, wengine tulirudi, na zaidi ya watu 160,000 waliamua kubaki na kuomba uraia wa Tanzania. Nyumba zikakatwa katikati. Wapo wanaume wenye mama watoto Ulyankulu au Katumba, na mwingine hapa mjini. Sheria ya Burundi ya mwaka 1993 haitambui mitala, na mwaka 2017 serikali iliwataka wanaoishi pamoja bila ndoa wahalalishe kabla ya mwaka kwisha. Wengi walikimbilia kuandikisha mke aliye karibu. Yule wa ng'ambo ya mpaka akafutwa kama deni la zamani, kisha bwana akaenda kupokea komunyo kwa dhamiri nyeupe.

Mimi naamini ndoa ya mume na mke mmoja ndiyo mpango wa Mungu, na sitamshauri kijana yeyote kuanza na wawili. Lakini kwa aliyekwisha kuanza, kumtupa mmoja si toba. Mfanyabiashara anayepeleka mzigo Kigoma kila mwezi hawezi kudai kwamba njia ya kupeleka ada ya shule na posho ya yule mama haijulikani. Mtoto wa Ulyankulu aandikwe jina la baba yake, na mama yake asikilizwe kabla ya uamuzi, si baada ya harusi.

Mchungaji au padri anayemwuliza mwanaume ni mke yupi atabaki naye, amwulize na la pili: yule mwingine atakula wapi? Mutesa hakuulizwa hilo na watu wa dini yoyote. Sisi tuna bahati ya kuulizwa tungali hai.

Mwandishi wa makala hii ni mwalimu mkazi wa Bujumbura.