Victor Hess: Aliyepanda Juu Kupima Mionzi

Sisi wa Nyarugusu, katika ukanda wa dhahabu wa Geita, tumezoea kutafuta mali chini, ndani ya duara. Mwanzoni mwa karne ya 20 wanasayansi wengi nao waliamini kwamba mionzi waliyoipima hewani ilitoka kwenye miamba ya ardhini. Victor Hess, Mkatoliki wa Austria aliyezaliwa tarehe 24 Juni 1883, aliamua kupanda juu kuhakikisha.

Mwaka 1910 Padre Theodor Wulf, Mjesuiti, alikuwa amepima juu ya mnara wa Eiffel mjini Paris, akakuta mionzi haikupungua kama ilivyotarajiwa. Hess akachukua vipimo vya aina hiyo, akapanda kwa puto. Tarehe 17 Aprili 1912 alipanda wakati jua limepatwa na mwezi. Mionzi haikupungua, kwa hiyo haikutoka hasa kwenye jua. Tarehe 7 Agosti alivuka mita 5,000, ambako hewa ni haba na kupumua ni taabu. Huko mionzi ilizidi sana ile ya ardhini. Chanzo chake kilikuwa mbali, nje ya dunia.

Mwaka 1936 alipata Tuzo ya Nobel. Mwaka 1938 Wanazi waliitwaa Austria, naye akafukuzwa kazi. Mke wake alikuwa wa asili ya Kiyahudi, wakakimbilia Marekani. Hess alifundisha Fordham, chuo kikuu cha Wajesuiti mjini New York, akafariki tarehe 17 Desemba 1964.

Jina lake limebaki Afrika. Darubini za H.E.S.S. nchini Namibia hunasa mwanga mfupi unaotokea mionzi ya gama inapogonga hewa. Kazi yake mojawapo ni kutafuta maada ya giza, ambayo haionekani ila uvutano wake huzishikilia galaksi. Huenda chembe zake zikikutana huangamizana na kutoa gama. Darubini zimeelekezwa katikati ya galaksi yetu. Hadi sasa hakuna ishara iliyothibitishwa.

Wachimbaji wetu wanaelewa: mwamba mtupu nao ni jibu, unaonyesha mahali pa kuacha kuchimba. Hess aliandika kile kipimo kilichoonyesha, ingawa wengi walitarajia kingine. Nasi tunaosoma falsafa na sayansi tujifunze uaminifu huo: tusilazimishe jibu, wala tusichoke kutafuta.