Daktari Albert Cook wa Mengo: Kupima Kwanza, Kutibu Baadaye

  Safari hii tumemchagua Daktari Albert Cook, mwanzilishi wa hospitali ya Mengo kule Kampala.

Tumemchagua kwa sababu. Vijana wetu waliomaliza sekondari wanatujia mara kwa mara wakiuliza wajifunze kazi gani. Tunapowatajia kazi ya maabara au kazi ya eksirei, wazazi wengine hukunja uso. Wanadhani hiyo ni kazi ya kumbebea daktari mkoba. Wengine wanaogopa hata mtoto wao akitolewa damu ya kupimwa. Maisha ya mzee huyu yatatusaidia kuona kwamba kupima ndiko kunakomwonyesha mganga njia.

KUZALIWA NA KUSOMA KWAKE

Albert Ruskin Cook alizaliwa Uingereza, katika mji wa London, mwaka 1870. Alisoma chuo kikuu cha Cambridge, kisha akajifunza udaktari katika hospitali ya St Bartholomew's huko London. Alihitimu mwaka 1895.

Tuushike mwaka huo. Ndio mwaka ambao Wilhelm Röntgen, mwalimu wa chuo kikuu cha Würzburg nchini Ujerumani, aligundua mionzi inayopenya nyama ya mwili na kuonyesha mifupa. Ndiyo hiyo tunayoiita eksirei, na wengi wetu tuliotoka Kongo tumezoea kusema kupiga radio. Röntgen hakutaka kuumiliki ugunduzi wake ili ajitajirishe. Aliuachia watu wote. Hivyo Cook aliingia katika kazi ya udaktari wakati ambapo macho ya waganga yalikuwa yanafunguliwa upya.

Kijana Cook angeweza kukaa London na kupata kazi nzuri. Lakini alijitoa kwa shirika la wamisionari wa Kianglikana, CMS, aletwe Uganda. Mwaka 1896 alifika Mombasa pamoja na wenzake. Wakati ule reli ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kujengwa, kwa hiyo kundi lao lilitembea kwa miguu. Sisi tuliovuka milima na mito na mizigo kichwani tunajua maana ya safari kama hiyo. Walifika Mengo mwezi wa pili mwaka 1897. Katika kundi lile alikuwemo muuguzi mmoja, Katharine Timpson. Mwaka 1900 yeye na Cook walifunga ndoa, wakafanya kazi bega kwa bega mpaka mama huyo alipofariki mwaka 1938.

MWANZO MDOGO

Hospitali ya Mengo haikuanza na jengo. Siku za kwanza, Februari 1897, wagonjwa waliangaliwa chini ya mti. Miezi michache baadaye zikajengwa nyumba za miti na majani. Mwaka 1899 ndugu yake, Jack Cook, ambaye naye alikuwa daktari wa upasuaji, akaja kumsaidia.

Mwaka 1902 radi ilipiga hospitali ile ikateketea kwa moto. Kazi ya miaka mitano ikawa majivu. Hawakukata tamaa. Walijenga tena, na hospitali mpya ikafunguliwa mwaka 1904. Familia nyingi hapa zimeona nyumba zao zikiungua, na tunaamini zinaielewa habari hii kuliko msomaji mwingine yeyote.

Cook alikuwa na desturi moja ambayo tunataka kila kijana aitie moyoni: aliandika. Kila mgonjwa aliyelazwa aliandikiwa habari zake: ameumwa nini, ameonekana na dalili gani, amepewa dawa gani, amepona au amekufa. Kumbukumbu hizo zimetunzwa mpaka leo katika maktaba ya udaktari ya chuo kikuu cha Makerere, nayo maktaba hiyo inaitwa kwa jina lake. Kazi ya maabara nayo imejengwa juu ya desturi hiyo. Kipimo kisichoandikwa vizuri, au kilichoandikwa jina la mtu mwingine, kinaweza kuua.

UGONJWA WA MALALE

Mwaka 1901 wagonjwa wa aina mpya walianza kuletwa Mengo. Walikuwa na homa, wamekonda, wanasinzia hata wakila, na mwishowe hawaamki tena. Albert na Jack Cook walitambua kwamba huu ni ugonjwa wa malale, ambao ulikuwa haujajulikana Uganda. Wakatoa taarifa.

Lakini ni kitu gani kilichouleta? Ndugu hao wawili walichukua damu ya wagonjwa na kuitazama kwa hadubini, ile mashine ya kukuza vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Wakaona vijidudu kama nyuzi, aina ya minyoo ya damu. Bingwa mmoja mkubwa wa London, Patrick Manson, alikuwa tayari anadhani kwamba minyoo hiyo ndiyo chanzo cha malale. Ilielekea kwamba jibu limepatikana.

Kumbe halikuwa jibu. Mwaka 1902 tume ya wataalamu ilitumwa Entebbe kuchunguza. Walipowapima watu wengi, waliona minyoo ile hata kwa watu wazima wa afya wasio na malale. Ndipo Aldo Castellani, daktari wa Kiitaliano katika tume hiyo, alipopima maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa, akakuta kijidudu kingine kabisa, tripanosoma. Mwaka 1903 David Bruce alithibitisha kwamba ndicho chenyewe, na kwamba kinaenezwa na mbung'o.

Tuitazame vizuri habari hii. Ndugu Cook hawakusema uongo. Waliona kweli walichokiona. Lakini kuona kitu katika damu ya mgonjwa si sawa na kujua kwamba ndicho kinachomuua. Ilihitajika kupima wagonjwa na wazima, kulinganisha, kurudia, na kukubali matokeo hata yakipinga mawazo ya wakubwa. Kwa hiyo mtu wa maabara anatakiwa awe mwaminifu kwanza. Kile kioo kidogo cha damu hakimjui tajiri wala maskini, mwenyeji wala mkimbizi.

Ugonjwa ule uliua zaidi ya watu 200,000 katika nchi za kandokando ya ziwa Victoria. Kwa kuwa dawa nzuri haikuwepo, serikali ya kikoloni iliamua kuwaondoa watu wote karibu na maji, kuanzia mwaka 1906. Walioponea ugonjwa wakapoteza mashamba na makaburi ya baba zao. Hata huku kwetu magharibi, kandokando ya ziwa George ambako mto wetu Mubuku unamwaga maji yake, na ziwa Edward, watu walihamishwa katika miaka ya 1910 kwa sababu ya malale. Sehemu kubwa ya nchi ile ikabaki pori, na mwaka 1952 ikafanywa mbuga ya wanyama, inayoitwa Queen Elizabeth. Kwa hiyo tunapopita barabara ya Kasese na kuona tembo mahali pasipo vijiji, tukumbuke kwamba kulikuwa na wakimbizi hapa kabla yetu, na aliyewakimbiza ni kijidudu.

MASHINE YA EKSIREI

Mwaka 1907 hospitali ya Mengo ilipata mashine ya eksirei, inayohesabiwa kuwa ya kwanza katika Afrika Mashariki. Ilikuwa imepita miaka kumi na miwili tu tangu ugunduzi wa Röntgen. Kabla ya hapo, mtu aliyevunjika mguu au aliyepigwa risasi alipapaswa kwa mikono, na daktari akakisia mfupa umekaa vipi na risasi iko wapi. Sasa alionyeshwa.

Siku zile za mwanzo watu hawakujua hatari ya mionzi hiyo. Wengi walioitumia Ulaya na Marekani waliungua mikono, na wengine walikufa kwa kansa. Ndiyo maana siku hizi kazi ya eksirei ina shule yake. Anayejifunza hafundishwi kubonyeza kitufe tu. Anafundishwa mifupa na viungo vyote vya mwili, namna ya kumlaza mgonjwa ili picha isidanganye, kiasi cha mionzi kinachotosha, na kujikinga yeye, mgonjwa na mtoto aliye tumboni. Mama mjamzito na aseme mapema kwamba ni mjamzito, asione haya.

ALIFUNDISHA WENGINE

Daktari Cook aliona mapema kwamba Mzungu mmoja au wawili hawatoshi nchi nzima. Aliwafundisha Waganda waliomsaidia wodini, na aliandika kitabu cha maneno ya udaktari kwa Kiganda ili mgonjwa na mganga waelewane. Mwaka 1917 alianzisha Mengo shule ya kuwafundisha Waafrika kuwa wasaidizi wa waganga. Mwaka 1918 yeye na mama Katharine walianzisha shule ya wakunga, ya kwanza Uganda. Wasichana wakatoka pale wakaenda vijijini, wakaokoa akina mama wengi. Wazazi wanaosema msichana asipotezewe karo, wafikirie hilo.

Mwaka 1932 mfalme wa Uingereza alimpa heshima, akaitwa Sir Albert. Mwaka 1934 alistaafu kazi ya misioni, lakini hakurudi kwao. Alifariki Kampala mwaka 1951, akazikwa Namirembe, karibu na hospitali yake. Mengo inaendelea kutibu na kufundisha. Hapo hapo kuna chuo cha kufundisha upigaji picha za mwili, kinachoitwa kwa jina la daktari mwingine wa ukoo huo, Ernest Cook.

HILI LINATUHUSU NINI SISI?

Tukumbuke mwaka 2019. Ebola ilikuwa inaua kule kwetu Kivu ya Kaskazini na Ituri. Mwezi wa sita mtoto wa miaka mitano aliyetoka Kongo na jamaa zake alifikishwa hospitali ya Kagando, kisha akapelekwa Bwera. Homa yake ingeweza kuitwa malaria, na mtoto angewekwa katika wodi pamoja na wengine. Wahudumu walishuku, wakachukua damu kwa uangalifu, ikapelekwa maabara ya utafiti wa virusi ya Entebbe. Tarehe 11 Juni jibu likatoka: ni Ebola. Mtoto huyo alifariki, na bibi yake na mdogo wake wakafariki pia. Lakini kwa kuwa ukweli ulijulikana mapema, ugonjwa haukuenea Kasese wakati ule. Wale waliobeba kile kichupa cha damu na wale waliokipima walitulinda sisi sote, na wengi wetu hatujui hata majina yao.

Basi, vijana, anayetaka kazi hii asizembee katika baiolojia, kemia, fizikia na hesabu, na Kiingereza pia, maana ndiyo lugha ya kufundishia hapa Uganda. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kutafuta kazi katika nchi hii. Cheti chako cha shule kitunze kama unavyotunza karatasi zako za ukimbizi. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, hakikisha chuo kinatambuliwa na serikali, na kwamba ukimaliza utaweza kuandikishwa na baraza la kitaifa la wataalamu hao. Asiyeandikishwa haruhusiwi kufanya kazi hiyo, hata akiwa na cheti kizuri cha kutundika ukutani.

Wazazi, mtoto akiwa na homa, msikimbilie dukani kununua dawa kwa kukisia. Mwambieni mhudumu apime kwanza. Tone la damu linalotolewa kidoleni linatosha kuonyesha kama kuna malaria, na mwili hulirudisha tone hilo haraka. Mwenye kikohozi cha wiki mbili apeleke makohozi yake yapimwe kifua kikuu. Kuomba tunaomba, wala hatutaacha. Lakini Luka mwinjili alikuwa mganga, wala hakuna mahali alipokatazwa kazi yake.

Daktari Cook alikuja na maarifa yake kwa miguu. Wana wetu nao watarudi Kongo siku moja, au wataenda mahali pengine Mungu atakapowapeleka. Shamba na nyumba hazibebeki. Ufundi wa mikono na macho, uliojifunzwa kwa uaminifu, unavuka mpaka wowote pamoja na mwenye nao.

Mungu awabariki nyote, na awaponye walio wagonjwa katikati yetu. Amina.