Richard Lepsius, Mwandishi wa Mali za Kale za Misri

Kila asomaye habari za Yusufu na Musa hujiuliza nchi ile ya Farao ilikuwaje. Leo twajua mengi, lakini hatukuyajua kwa kuchimbua vitu vya kale tu. Twayajua kwa sababu walikuwako watu waliovihesabu vitu vile, wakavipa nambari na kuviandika vitabuni. Mmoja wa wakuu wao alikuwa Karl Richard Lepsius. Tena kazi yake iligusa hata lugha zinenwazo katika nchi yetu ya Singida, kama tutakavyoona.

Alizaliwa tarehe 23 Desemba 1810 mjini Naumburg, Ujerumani. Alisoma Leipzig, Göttingen na Berlin, kisha mwaka wa 1833 akaenda Paris. Mwaka mmoja kabla yake alikuwa amekufa Champollion, yule Mfaransa aliyefumbua maandiko ya picha ya Wamisri mwaka wa 1822. Wengi walikuwa wakingali kuyatilia shaka mafundisho ya marehemu. Lepsius hakukata neno kwa haraka. Alizunguka katika nyumba za makumbusho za Ufaransa, Italia, Uholanzi na Uingereza, akinakili maandiko kwa mkono wake. Mwaka wa 1837 alitoa waraka ulioithibitisha njia ya Champollion na kuyasahihisha makosa yake.

Katika nyumba zile aliona upungufu mkubwa. Vitu vingi vilikuwa vimenunuliwa kwa wachuuzi, wala hapakuwa na ajuaye vilitoka kaburi gani. Huko Turino palikuwa na gombo refu la mafunjo, lenye maneno ambayo Wamisri waliwazika nayo wafu wao. Lepsius akaligawa kwa sura 165, akalipiga chapa mwaka wa 1842, akaliita Kitabu cha Wafu. Kama vile mwalimu wa kanisa atajapo sura na aya, na kila mtu akapafunua mahali palepale, vivyo hivyo wataalamu wa nchi zote hulitafuta neno katika kitabu kile kwa nambari za Lepsius hata leo.

Mwaka uo huo mfalme wa Prussia, Friedrich Wilhelm wa Nne, alimtuma Misri pamoja na wachoraji na mjenzi. Walisafiri miaka mitatu. Waliandika orodha ya piramidi 67, wakapanda mto Nile mpaka nchi iitwayo Kushi katika Biblia, wakafika Sennar. Tena Lepsius akaenda mpaka Sinai. Kila walipopita walipima, wakachora, wakagandamiza karatasi iliyoloweshwa juu ya mawe yaliyochongwa, ili alama zake zitokee.

Hapa hatuna budi kusema kweli yote. Mwaka wa 1835 Muhammad Ali, mtawala wa Misri, alikuwa amekataza mali za kale zisitolewe katika nchi yake. Lakini mtawala huyohuyo alimpa Lepsius ruhusa, akampa mfalme wa Prussia vitu vingi kuwa zawadi. Basi vyumba vitatu vya makaburi vikabomolewa jiwe kwa jiwe na kupelekwa Berlin, na katika kaburi la mfalme Seti wa Kwanza likakatwa pande la nguzo yenye picha. Pengo lile lipo hata leo. Mtu aliyewafundisha wenzake kwamba kitu hupoteza nusu ya habari yake kikiondolewa mahali pake, yeye naye aliondoa. Twamheshimu kwa elimu yake, lakini tendo hili hatuwezi kulisifu.

Tangu mwaka wa 1849 hata 1859 alitoa kitabu chake kikubwa, mabuku 12 yenye kurasa 894 za picha. Mwaka wa 1865 akawa mkuu wa makumbusho ya Misri mjini Berlin. Mwaka wa 1866 akavumbua huko Tanis jiwe la amri lililoandikwa kwa Kimisri na Kiyunani, likawaondolea watu mashaka yaliyosalia. Katika vita kuu ya pili jengo la makumbusho lilipigwa kwa mabomu, likakaa gofu miaka mingi, lisifunguliwe tena mpaka mwaka wa 2009. Na huko Misri kuta nyingi alizozichora zimekwisha kuharibika. Pale jiwe lilipopotea, karatasi imebaki.

Sasa tuje kwetu. Mwaka wa 1855 Lepsius alitunga herufi za kuandikia lugha zote, akafuata kanuni moja, kwamba sauti moja iwe na herufi moja tu. Vyama vya misheni vilizipokea. Baadaye mchungaji Carl Meinhof alizitengeneza tena kwa ajili ya lugha za Kibantu, ambazo Kinyaturu na Kinyiramba ni miongoni mwake. Hata zile sauti za kualika ulimi, wanazozitumia majirani zetu Wahadzabe wa Mkalama, huandikwa na wataalamu kwa vijiti vya wima, na vijiti hivyo asili yake ni Lepsius.

Alikufa Berlin tarehe 10 Julai 1884. Mwanawe Johannes akawa mchungaji, naye ndiye aliyeandika habari za mauaji ya Waarmenia wakati wa vita kuu ya kwanza, zisipate kufichwa. Baba aliandika ya wafu wa kale, mwana akaandika ya wafu wa siku zake.

Nasi tujifunze. Walimu wetu hushika vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya maziko, na mara nyingine huiona kazi hiyo kuwa ndogo. Si ndogo. Jina lisiloandikwa leo halitaulizwa na wajukuu. Tena tukiokota chungu cha kale shambani, au tukiona picha zilizochorwa na wazee juu ya mwamba, tusikwangue wala tusichukue. Tuandike kwanza ni kitu gani, kipo wapi, na nani amekiona, kisha tuwape habari wanaohusika. Wazee walitutunzia, na sisi tuwatunzie watakaokuja.